Jifya Moja Haliinjiki Chungu: Malezi na Matibabu ya Watoto wa Kaya Maskini

Wahenga walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Kila aliyewahi kupika kwa kuni anaufahamu ukweli huo bila ya kufundishwa: chungu husimama juu ya mafiga matatu, na likiondolewa moja, chakula humwagika motoni hata kama mawili yaliyobaki ni imara. Wataalamu wa lishe nao, baada ya miaka mingi ya kupima watoto na kuchunguza vyanzo vya maradhi yao, walifikia uamuzi unaofanana na methali hiyo. Uhai na makuzi ya mtoto mdogo husimama juu ya mambo matatu, yaani chakula cha kutosha, huduma ya afya, na malezi. Mwaka 1990 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto liliyaingiza mambo hayo katika kielelezo chake cha vyanzo vya utapiamlo, na sehemu kubwa ya mafunzo yaliyozaa kielelezo hicho ilitoka katika vijiji vya Mkoa wa Iringa.

Hata hivyo, mjadala wa namna ya kuzisaidia kaya zenye kipato kidogo nchini Tanzania bado huendeshwa kana kwamba kila jifya lina chungu chake. Bima ya afya huzungumzwa na watu wa hospitali. Malezi ya mchana huzungumzwa na watu wa ustawi wa jamii, na mara nyingi huhesabiwa kuwa ni jambo la mijini, la akina mama walioajiriwa. Mgawanyo huo una hasara kubwa. Bima isiyoambatana na malezi humfikia mtoto wa maskini akiwa amekwisha kuugua, na mara nyingine haimfikii kabisa. Malezi yasiyoambatana na matibabu nayo huwakusanya watoto mahali pamoja bila ya kinga. Hapana budi umma uyagharamie yote mawili kwa pamoja, kwa ajili ya kaya zisizojiweza, tangu siku mtoto anapozaliwa.

Miaka Michache Isiyorudi

Sababu ya kwanza ya hoja hii imo katika elimu ya viumbe. Mtoto anapozaliwa, ubongo wake una uzito wa karibu robo ya ule wa mtu mzima. Afikapo umri wa miaka 2, umekwisha kufikia kiasi cha robo tatu. Hakuna kiungo kingine cha mwili kinachokua kwa haraka kiasi hicho katika muda mfupi kama huo, na ukuaji huo una gharama: hata katika umri wa miaka 5, ubongo peke yake hutumia zaidi ya theluthi moja ya nishati yote ya mwili. Mtoto anapokosa chakula, au anapokipata na kukipoteza kwa kuhara, mwili hulazimika kupunguza matumizi, na hupunguza kwanza katika kurefuka.

Kwa sababu hiyo kimo cha mtoto ni kama daftari la historia yake. Homa moja haiandiki kitu katika daftari hilo. Homa zinazofuatana, kuhara kunakorudi kila mwezi, na siku nyingi za kula mara 2 tu, huandika udumavu, yaani kimo kilicho chini mno ya kile kinachotazamiwa kwa umri. Udumavu ulioandikwa katika siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba kutungwa hadi umri wa miaka 2, kwa sehemu kubwa haufutiki. Mtoto huyo hufika darasani akiwa amechelewa kabla hajafundishwa herufi ya kwanza. Mwalimu wa sekondari anayeshangaa kwa nini baadhi ya wanafunzi wake huchoka upesi na kushindwa kufuatana na wenzao, pengine anatazama matokeo ya jambo lililotukia miaka 14 iliyopita, katika kibanda ambacho hakuna mwalimu aliyekifika.

Takwimu za taifa zina fundisho linalostahili kufikiriwa sana. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010, vifo vya watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 vilikuwa 81 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 vilikuwa vimeshuka hadi 43, yaani vilipungua kwa karibu nusu. Katika kipindi hicho hicho, watoto waliodumaa walipungua kutoka 42 hadi 30 katika kila 100. Huo nao ni ushindi, lakini haukufikia hata theluthi moja.

Je, tofauti hiyo inatokana na nini? Chanjo hutolewa kwa siku moja na kinga yake hudumu kwa miaka. Chandarua hutandikwa jioni, kikafanya kazi usiku kucha. Dawa mseto ya malaria humezwa kwa siku 3. Mambo hayo ni jifya la afya, na jifya hilo limeimarika. Lakini udumavu hauzuiwi kwa tendo la siku moja. Huzuiwa na mtu mzima aliye karibu na mtoto kila siku: anayemlisha mara 4 au 5, anayemnawisha mikono, anayeona mapema kwamba leo hakucheza kama jana, na aliye na muda wa kumpeleka kwa mganga. Hilo ni jifya la malezi, na ndilo lililolegea.

Bei Isiyoandikwa Katika Stakabadhi

Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanzishwa kwa awamu katika hospitali za serikali mwaka 1993, sera imewasamehe wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5. Kwa maandishi, basi, mtoto mdogo wa Kitanzania hutibiwa bure. Mtu aweza kuuliza: ikiwa ni bure, umaskini unamzuiaje?

Na achukuliwe mama mmoja wa mfano, anayeishi kilomita 8 kutoka zahanati na anayelima kibarua katika mashamba ya wengine. Akitembea kilomita 4 kwa saa akiwa na mtoto mgongoni, atatumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, mbali na muda wa kusubiri katika foleni. Siku hiyo hakulima. Basi siku hiyo hakulipwa, na jioni hiyo kaya haina unga. Zahanati haikumtoza hata senti moja, lakini yeye amelipa ujira wa kutwa nzima. Dawa ikikosekana zahanati, ataelekezwa kuinunua dukani. Bei hiyo haiandikwi katika stakabadhi yoyote, wala haimo katika vitabu vya hesabu vya wizara. Imo katika akili ya mama, ambaye hujumlisha na kutoa kwa usahihi, kisha huamua kusubiri hadi kesho ili aone kama homa itashuka. Kwa malaria kali au kwa homa ya mapafu, kesho huweza kuwa ni kuchelewa.

Na achukuliwe tena mama huyo huyo katika msimu wa palizi. Mtoto wake ana umri wa miezi 14. Hawezi kumchukua shambani kila siku, kwa hiyo humwacha na dada yake mwenye umri wa miaka 9. Asubuhi hupika uji mwepesi, na chakula cha pili huwa jioni. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo mno. Haliwezi kupokea kwa mara 2 kile kinachohitajiwa kwa siku nzima, hasa chakula kikiwa ni maji mengi na unga kidogo. Njia ya kuuboresha uji huo imejulikana tangu miaka ya 1980, wakati wataalamu wa lishe wa Tanzania walipoutangaza unga wa kimea. Vimeng'enya vilivyomo katika mtama uliochipushwa huivunja wanga, na kijiko kimoja cha kimea huulainisha uji mzito, hata mtoto akapata nguvu zaidi katika bakuli lile lile. Lakini maarifa hayo yanahitaji mtu wa kuyatumia saa 4 asubuhi, na saa 7, na saa 10. Dada wa miaka 9 hawezi kulaumiwa kwa kutoyatumia.

Wala hasara haiishii kwa mtoto mchanga. Siku ambayo dada huyo amebaki nyumbani ni siku ambayo hakuhudhuria shule. Tangu mwaka 2016 elimu ya awali, ya msingi, na ya sekondari hadi kidato cha 4 hutolewa bila ya ada katika shule za serikali. Ada imeondoka, mlezi hajaletwa. Kwa hiyo ukosefu wa malezi ya mchana humtoza mtoto mmoja afya yake, na humtoza mwingine masomo yake, katika siku ile ile na chini ya paa lile lile. Hii ndiyo sababu wanafunzi wa sekondari, na hasa wasichana, wana haki ya kulichukua jambo hili kuwa ni lao.

Hesabu ya Bima

Jifya la afya nalo, ingawa limeimarika, halijatengemaa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 huduma za afya ziliendeshwa kwa fedha za umma, na mwaka 1977 matibabu ya kibinafsi ya kutafuta faida yalipigwa marufuku. Uchumi ulipodhoofika, mfumo huo ulishindwa kujigharamia. Matibabu ya kibinafsi yaliruhusiwa tena mwaka 1991, na uchangiaji ukafuata. Ili kuwakinga wananchi wa vijijini, mpango wa kuchangia kabla ya kuugua ulijaribiwa katika Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2001 Bunge lilitunga Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Mfuko ulioboreshwa ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2018 uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6 katika mikoa isiyokuwa Dar es Salaam, yaani shilingi 5,000 kwa kila mtu.

Kwa mwenye mshahara, kiasi hicho ni kidogo. Kwa mkulima anayeuza mazao mara moja kwa mwaka, shilingi 30,000 za mkupuo mmoja hushindana na mbegu, jembe, na sare za shule. Tena hutakiwa kutolewa kwa ajili ya ugonjwa ambao haujaja. Asiyejiunga haonyeshi ujinga. Huonyesha kwamba amepanga matumizi yake kwa kuanza na lililo karibu.

Mwanafunzi wa hisabati aweza kuielewa kasoro ya bima ya hiari kwa mfano mwepesi. Ichukuliwe kwamba katika kijiji chenye kaya 50, kaya 1 kila mwaka itahitaji matibabu ya shilingi 500,000. Kaya zote zikichangia, kila moja itatoa shilingi 10,000 tu. Lakini kila mtu akiachiwa hiari, kaya 25 zinazojiona kuwa na afya njema zitakaa nje, na zilizobaki zitalazimika kutoa shilingi 20,000 kila moja. Kiwango kikipanda, wengine watatoka, na kitapanda tena. Mwishowe watabaki wagonjwa peke yao, na mfuko utafilisika. Mpango wa Toto Afya, uliokuwa ukimwandikisha mtoto mmoja mmoja katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ulikutana na kanuni hiyo hiyo: wazazi wengi walimwandikisha mtoto aliyekwisha kuugua. Mwaka 2023 uandikishaji wa namna hiyo ulisimamishwa, na wazazi wakaelekezwa waandikishe watoto kwa njia ya familia au shule. Waliofanya uamuzi huo walikuwa na hesabu mkononi. Na wazazi waliolalamika walikuwa na watoto wagonjwa mkononi. Kosa halikuwa la upande wowote wa hao wawili. Lilikuwa katika kuijenga bima ya watoto juu ya hiari.

Dawa ya kasoro hiyo inajulikana: wote waingie, na asiyeweza kulipa alipiwe. Rwanda ilifuata njia hiyo katika bima yake ya jamii, kwa kuzipanga kaya kwa uwezo na kuzilipia zilizo maskini kabisa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2023, imeikubali kanuni hiyo na kuweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini sheria hiyo ni ya matibabu. Inamlipia mtoto akifika zahanati. Haimlipii saa zile anazokaa mbali na zahanati, ambazo ndizo karibu maisha yake yote.

Somo la Iringa

Yawezekana kudhaniwa kwamba kuunganisha malezi na afya ni fikra ya nchi tajiri. Historia ya Tanzania yenyewe inakanusha. Kuanzia mwaka 1984, kwa msaada wa Serikali ya Italia na kwa ushirikiano wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto, mpango wa lishe uliendeshwa katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha pia eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Njombe.

Mpango huo haukuanza kwa kugawa chakula. Ulianza kwa kupima. Kila baada ya miezi 3 watoto wa kijiji walipimwa uzito hadharani, na matokeo yakapelekwa mbele ya kamati ya kijiji. Mtoto aliyeonekana kuwa hatarini hakuwa tena siri ya nyumba yake. Kamati iliuliza: kwa nini? Je, hakuna chakula, au kipo lakini hakuna mtu wa kumlisha? Je, anaumwa? Kutokana na maswali hayo yalichaguliwa matendo. Wahudumu wa afya wa vijiji walifundishwa. Vituo vya kulelea na kulisha watoto vilianzishwa na wanakijiji wenyewe, ili mama akienda shamba mtoto ale zaidi ya mara 2. Chanjo na matibabu ya maradhi ya kawaida yalikwenda sambamba na hayo yote. Ulikuwa ni mzunguko wa tathmini, uchambuzi, na utekelezaji, ambao mwanafunzi yeyote wa sayansi atautambua kuwa ni njia ya kisayansi iliyotolewa maabara na kupelekwa kijijini.

Mwaka 1984 watoto 56 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na uzito mdogo kuliko umri wao. Mwaka 1988 walikuwa 38. Wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka kiasi cha 6 hadi chini ya 2 katika kila 100. Mabadiliko hayo yalipatikana katika miaka ambayo uchumi wa nchi ulikuwa katika dhiki kubwa, na bidhaa za lazima zilikuwa adimu madukani. Kilichobadilika zaidi kilikuwa ni utaratibu wa kumwangalia mtoto.

Kulikuwa na somo la pili, ambalo halikumbukwi sana. Utaratibu uliotegemea kujitolea na fedha za wafadhili hudhoofika fedha hizo zinapopungua na waliojitolea wanapochoka. Mlezi wa kituo cha kijiji naye ana shamba na watoto. Asipolipwa, ataondoka, na atakuwa na haki ya kuondoka. Kwa hiyo Iringa ilithibitisha mambo mawili: kwamba kazi hiyo inawezekana, na kwamba haiwezi kudumu bila ya kuwekwa katika bajeti ya umma.

Ushahidi Kutoka Nchi Nyingine

Nchi nyingine zimepita njia hiyo kwa muda mrefu. India ilianzisha tarehe 2 Oktoba 1975 mpango wa kuunganisha huduma za watoto wadogo katika vituo vya vijijini. Mahali pamoja mtoto hupata chakula cha nyongeza, chanjo, uchunguzi wa afya, na mafunzo ya awali, na mlezi wa kituo ni mwanamke wa hapo hapo. Vituo hivyo vina kasoro nyingi zinazojadiliwa na Wahindi wenyewe, lakini mjadala wao ni juu ya namna ya kuviboresha. Hakuna anayeuliza tena kama vinahitajika.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwa mwanasayansi umetoka Marekani, katika mji wa Chapel Hill, North Carolina. Hapo watoto 111 wa familia zenye kipato kidogo, waliozaliwa kati ya mwaka 1972 na 1977, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipata malezi ya kutwa tangu uchanga hadi umri wa miaka 5, pamoja na chakula na uangalizi wa kitabibu. Kundi la pili lilipewa maziwa ya unga na nepi, lakini halikupata malezi hayo. Watafiti waliwafuatilia hadi wakawa watu wazima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wanaume wa kundi la pili, walipokuwa na umri wa kati ya miaka 30 na 40, walikuwa na shinikizo la juu la damu la wastani wa 143, ambapo wale waliolelewa kituoni walikuwa na wastani wa 126. Kundi lilikuwa dogo, na Marekani si Tanzania. Mwanafunzi makini atayazingatia hayo. Hata hivyo kura ndiyo iliyoyagawa makundi, si hiari ya wazazi, na kwa hiyo ni vigumu kusema kwamba tofauti hiyo ilitokana na jambo jingine. Malezi ya utotoni yalionekana katika mishipa ya damu baada ya miaka 30.

Pingamizi na Majibu Yake

Pingamizi la kwanza husema kwamba misaada huzaa utegemezi. Jambo hilo lilijaribiwa hapa hapa nchini. Kuanzia mwaka 2010, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulitoa ruzuku kwa kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 viliteuliwa, na 40 vikachaguliwa kwa kura kuanza kupokea. Ruzuku ilikuwa na masharti, kama vile watoto wadogo kupelekwa kliniki na wakubwa kuhudhuria shule. Kaya zilizopokea zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii kwa wingi zaidi kuliko zile ambazo hazijapokea. Yaani maskini alipopata kidogo cha kuanzia, alinunua kinga kwa ajili ya kesho. Hiyo si tabia ya mtegemezi.

Pingamizi la pili husema kwamba malezi ni kazi ya familia, na kwamba Mwafrika hakulelewa na serikali. Ni kweli kwamba Mwafrika hakulelewa na serikali. Lakini hakulelewa na mama peke yake pia. Alilelewa na bibi, na shangazi, na majirani waliokuwa wakishinda karibu. Siku hizi bibi yuko kijiji kingine, shangazi ana kibanda chake sokoni, na jirani ni mpangaji aliyehamia mwezi uliopita. Kituo cha kulelea watoto kilicho kizuri hakiivunji familia. Kinaurudisha ule ukoo mpana katika umbo jipya.

Pingamizi la tatu lina uzito, na halifai kupuuzwa: kwamba kuwakusanya watoto wadogo mahali pamoja hueneza mafua, kuhara, na magonjwa ya ngozi. Hilo ni kweli kabisa pale ambapo hakuna maji, choo, wala mtu wa afya. Lakini pingamizi hilo, likichunguzwa vizuri, ni hoja ya kuunganisha malezi na matibabu. Kituo ambacho watoto wake wote wamechanjwa, wana kadi za bima, na hutembelewa na mhudumu wa afya kila wiki, hugundua ugonjwa ungali mtoto 1, kabla haujafika kwa 20.

Pingamizi la mwisho ni la fedha. Hakuna anayeweza kukana kwamba bajeti ni finyu. Lakini gharama ya kutomlea mtoto haikosi kulipwa. Hulipwa tu mahali pengine. Hulipwa katika wodi ya utapiamlo, katika dawati la msichana lililo tupu, na katika mwanafunzi anayerudia mtihani. Utafiti wa matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Taifa ambalo zaidi ya robo ya watu wake wako katika hali hiyo haliwezi kuwaachia watoto wao mafiga mawili.

Linalopasa Kutendwa

Msingi wa sheria na sera haukosekani. Vituo vya kulelea watoto mchana vilitungiwa sheria tangu mwaka 1981, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, ilikubali wazi kwamba afya, lishe, na malezi havitenganishwi. Kinachosalia ni kuyaunganisha hayo katika mambo matatu ya utendaji.

Kwanza, cheti cha kuzaliwa na kadi ya bima vitolewe kwa pamoja. Mtoto wa kaya iliyotambuliwa kuwa maskini aandikishwe siku anapozaliwa, bila ya mzazi kuzunguka akitafuta barua za kuthibitisha umaskini wake. Pili, kila kijiji na kila mtaa wenye kaya nyingi za vibarua uwe na kituo cha malezi kwa watoto wasiofikia umri wa darasa la awali, na kituo hicho kiwekwe katika ratiba ya zahanati, ili chanjo na kipimo viwafuate watoto badala ya akina mama kuvifuata. Tatu, mlezi afundishwe na alipwe mshahara, kwa kuwa kazi yake ni kazi.

Shule za sekondari nazo zina nafasi katika jambo hili. Darasa la jiografia laweza kuchora ramani ya kata na kupima umbali wa kila kitongoji hadi zahanati. Darasa la hisabati laweza kuhesabu saa ambazo akina mama wa kata hiyo hutumia njiani kwa mwaka. Darasa la biolojia laweza kuchipusha mtama, kusaga kimea, na kuona kwa macho jinsi uji mzito unavyolainika. Kisha mwalimu aweza kuuliza swali moja, bila ya kumtaja mtu: ni wanafunzi wangapi waliobaki nyumbani mwezi huu kwa sababu ya kumlea mdogo wao? Jibu likiandikwa na kupelekwa katika serikali ya kijiji, litakuwa na thamani kuliko hotuba nyingi, kwa sababu litakuwa ni kipimo. Na Iringa ilianza kwa kipimo.

Chungu kikimwagika, mpishi mwenye busara haulaumu moto. Hutazama chini, akaliona jifya lililosogea, akalirudisha mahali pake.